Grafu ya Sweta Zilizochoka

Mwalimu wetu wa fizikia aliwahi kuniita mwanasayansi mbele ya darasa zima. Watu hawaamini sehemu hiyo. Mama yangu mwenyewe haamini, na yeye ananijua tangu nikiwa mfupi kuliko ndoo. Kwa hivyo nitaeleza pole pole ilivyotokea, na jinsi nilivyokaribia kunyang'anywa jina hilo kabla hata halijanizoea.

Kabla ya hapo nilikuwa na sifa nyingine. Nikiwa kidato cha pili nilipeleka kwenye maonyesho ya sayansi ya shule mradi wa kuchunguza kama mbuzi hutii haraka akifokewa kwa Kiswahili au kwa Kiingereza. Mbuzi alikuwa wa jirani yetu pale Uthiru. Alizisikiliza lugha zote mbili kwa adabu, kisha akala karatasi ya matokeo. Niliisimulia habari hiyo mbele ya wazazi waalikwa, wazazi wakacheka mpaka wakashikana mabega. Mwalimu wa fizikia hakucheka. Muhula uliofuata aliniita kando ya maabara.

"Sikiliza, wewe. Mwaka huu shule inapeleka mradi mmoja tu kwa mashindano ya jiji. Mmoja. Ukiniletea mchezo tena nakutoa kwa klabu ya sayansi, na hurudi mpaka umalize shule. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu."

"Na usitabasamu."

"Hii ndio sura yangu, mwalimu."

Jambo ambalo sikumwambia, wala sikumwambia mtu yeyote, ni kwamba safari hii nilitaka kweli. Nilitaka kusimama katika ule ukumbi mkubwa katikati ya jiji, nyuma ya meza, na bango langu ukutani, wageni waniulize swali na mimi nijibu bila kuchekesha mtu. Nilijua nikikosa mwaka huu basi tena.

Wazo nililipata nyumbani. Jumapili mama huchemsha maharagwe kidogo tu, kisha huitia sufuria ndani ya kikapu kilichoshindiliwa nguo kuukuu, anafunika, anaenda kanisani. Akirudi maharagwe yameiva na gesi haijaliwa. Nikajiuliza: kikapu kikishindiliwa nini ndipo kinashika joto zaidi? Shuleni kulikuwa na sanduku la vitu vilivyopotea lenye sweta kumi na moja za kijani zisizo na wenyewe, moja ikiwa yangu. Kulikuwa pia na magazeti ya mwaka mzima. Sweta dhidi ya magazeti. Lilikuwa pambano la haki.

Mwenzangu katika mradi alikuwa msichana wa darasa letu anayeishi Loresho. Baba yake huchora ramani za nyumba, na yeye amerithi ugonjwa wa nyumbani: anamiliki penseli tisa za ugumu tofauti na anazijua kama watu wanavyojua shangazi zao. Darasani, mwalimu akisema "chora grafu," sisi wengine tunaugua, yeye anavuta pumzi kama mtu anayeona chakula. Wimbo wa mwalimu tunaujua sote: skeli alama moja, mihimili alama moja, nukta alama mbili, mstari alama moja, na nukta ikiwa nene kama tonge la ugali hupati kitu. Msichana huyo hajawahi kukosa hata moja kati ya hizo tano. Mimi niliwahi kupata mbili, nikatembea na ile karatasi wiki nzima.

Tulifanya jaribio Jumanne moja. Maji yaliyochemka jikoni mwa shule, sufuria mbili, vikapu viwili kwenye kona ya maabara, na kipimajoto kikichungulia kwenye tundu la kila kifuniko. Tatizo lilikuwa kengele. Kwetu kengele ni rimu ya lori iliyoning'inizwa nje ya stafurumu, na bila hiyo rimu kugongwa hakuna mwanafunzi anayetoka darasani, hata nyoka akiingia. Kwa hivyo tulipima pale tu tulipopata mwanya. Mara tatu asubuhi kabla ya somo la kwanza: mwanzo, dakika ya kumi, dakika ya ishirini. Halafu tukafungiwa. Mapumziko mafupi tukakimbia: dakika ya mia moja. Wakati wa chai: mia moja na tisini. Chakula cha mchana: mia mbili na tisini. Kengele ya mwisho, saa kumi: mia nne na themanini. Vipimo saba kwa kila kikapu. Sweta zilianza na nyuzijoto tisini na mbili zikamaliza siku na arobaini na nane. Magazeti yalimaliza na thelathini na sita. Sweta oyee.

Sasa ikabaki grafu. Mwalimu alikuwa ametangaza kwamba kwa mashindano haya hataki ya penseli. "Majaji wanasoma kutoka mbali," alisema. "Leteni ya kompyuta. Programu mtachagua wenyewe, mko na macho." Mwenzangu alipokea habari hizo kama mtu aliyeambiwa mbwa wake auzwe.

Mimi? Mimi nilikuwa kwenye raha ambayo sijui niieleze vipi. Jumamosi ile nilipanda Loresho nikiwa na orodha ya programu nne nilizozitafuta kwa siku tatu. Tukaketi kwenye meza ya kulia chakula ya kwao, laptopu ya baba yake katikati, na nyanya yake, ambaye wote humwita Ba, akituzunguka na sahani ya chevda, vitafunio vikavu vyenye pilipili.

"Wewe iko nyembamba sana," Ba akaniambia. "Kula."

"Nakula, Ba."

"Hapana. Hiyo naitwa kuonja."

Programu ya kwanza ilikuwa ya kwenye mtandao. Ilikuwa na rangi kuliko sokoni. Unaweka namba zako, grafu inajijenga mbele yako kwa mbwembwe, nguzo zinachipuka, mistari inaruka. Nilipiga meza kwa furaha. Kisha ikaandika jina lake yenyewe katikati ya grafu yetu, kwa herufi za kijivu, na haikukubali kulitoa.

"Hii programu ni kama yule mjomba wa kwenye harusi," nikasema. "Lazima awe kwenye kila picha."

Ya pili ilikuwa ya jiometri, iliyoko kwenye kompyuta za shule. Nzuri, lakini kila ukigusa nukta inaikokota. Nilikohoa nikabadilisha joto la wakati wa chakula cha mchana. Ya tatu ilikuwa ya kuandika amri: hakuna vitufe, hakuna picha, unaandika mistari ya maneno kama barua kwa mtu mkali, na ukisahau mkato mmoja inakujibu kwa matusi mekundu ya ukurasa mzima. Nilisahau mkato mmoja. Tukaiaga.

Ya nne ilikuwa programu ya majedwali, ile ile ambayo kila ofisi hutumia kwa mishahara na kila mama hutumia kwa michango ya chama. Nikaweka namba. Nikabonyeza. Kukatokea dirisha lenye picha ndogo ndogo za aina za grafu, nami nikachagua kama watu wanavyochagua mtindo kwa kinyozi, kwa kutazama picha ukutani. Niliruka moja yenye vinukta vilivyotawanyika, ilifanana na upele. Nikachukua ya mistari iliyolainishwa, nikaweka kijani kwa sweta, chungwa kwa magazeti, na kivuli chini yake. Manze! Ilikuwa nzuri hivi kwamba nilisimama.

"Ba, njoo uone!"

Ba akaja, akatazama, akasema, "Nzuri. Kama milima ya Naivasha." Akaniongezea chevda.

Mwenzangu aliinamia skrini. Kisha akasema, "Mbona inashuka hivyo?"

"Vipi?"

"Inakaa juu kwanza, halafu inaanguka."

Ni kweli. Mstari wa sweta ulianza karibu kulala, kama mtu ambaye hataki kuamka, kisha ukajipinda ukaporomoka. Nikautazama. Vitabuni vitu hupoa haraka mwanzoni halafu pole pole. Chetu kilifanya kinyume!

"Si unaona?" nikamwambia. "Sweta zinashikilia joto kwa nguvu zote mwanzoni. Halafu zinachoka."

"Sweta haiwezi kuchoka."

"Wewe umewahi kuwa sweta?"

Nikaandika kurasa mbili usiku huo huo juu ya Nadharia ya Uchovu wa Sweta. Jumatano nikazionyesha kwa mwalimu pamoja na grafu. Aliitazama grafu kwanza kwa mbali, kisha akaisogeza, kisha akavua miwani akaivaa tena. Alikuwa na madarasa matano siku hiyo, nafikiri alikuwa amechoka kuliko hizo sweta. Akasema polepole, "Hii... sijawahi kuiona." Akanyanyua karatasi darasa lote lione. "Huyu mnamwita mchekeshaji. Mimi leo namwita mwanasayansi. Hawa wawili ndio wanaenda."

Darasa zima likageuka kunitazama. Mimi nilisahau kufanya uso wowote.

Jumamosi iliyofuata tulishuka jijini kuchapisha bango. Duka lilikuwa orofa ya pili kwenye jengo moja la River Road, kati ya fundi wa saa na saluni, na mashine yao ilikuwa ndefu kama kitanda. Anayeiendesha, mama mmoja mwenye kalamu mbili zilizochomekwa kwenye kilemba, alikuwa na desturi isiyovunjwa. Kwanza anakutolea nakala ndogo kwenye karatasi ya kawaida. Unaikagua, unaweka sahihi nyuma, ndipo anachapisha kubwa. Ukutani aliandika: UKISHATIA SAHIHI NI YAKO.

"Kagueni vizuri," akatuambia. "Jana mtu ameniandikia jina ya bibi harusi vibaya, akatia sahihi. Sasa ako na mabango ya mtu hajulikani."

"Anti, sisi tuko sawa," nikasema, tayari nimeshika kalamu.

"Ngoja," akasema mwenzangu. Akafungua begi lake akatoa karatasi ya grafu iliyokunjwa mara moja. Ya penseli.

"Ulichora?"

"Ya kwangu tu. Nilikuwa nakagua nukta."

"Uliambiwa usichore! Wewe ni mlevi wa penseli."

"Nyamaza kidogo." Akaenda dirishani, akabandika karatasi zote mbili, nakala ya bango na ile ya penseli, kwenye kioo, moja juu ya nyingine, mwanga wa mchana ukazipenya. Nikamfuata.

Mistari haikufanana. Haikukaribiana hata. Wa kwangu ulikaa juu halafu ukaporomoka. Wa kwake ulishuka tangu mwanzo, ukaendelea kujilaza kadiri muda ulivyokwenda, mpole, kama kila mstari wa kupoa tuliowahi kuuona kitabuni.

"Umekosea," nikasema.

"Sijawahi kukosea nukta."

"Kuna siku ya kwanza."

"Wewe soma namba za chini. Za muda. Soma kwa sauti."

Nikasoma ya kompyuta. "Sifuri. Kumi. Ishirini. Mia moja. Mia moja na tisini..."

"Sasa pima kwa kidole. Kutoka kumi mpaka ishirini."

"Kidole kimoja."

"Kutoka ishirini mpaka mia."

Nikaweka kidole. Nikakiweka tena. Upana ule ule. Kidole kimoja.

Dakika kumi za asubuhi na dakika themanini tulizofungiwa darasani zilikuwa zimepewa nafasi sawa. Programu haikujua kwamba zile ni namba za muda. Ilidhani ni majina tu, kama majina ya wanafunzi, ikayapanga mstarini, kila moja na hatua yake. Na kwa vile sisi tulipima kengele ilipotaka na si saa ilipotaka, mwanzo wetu ulivutwa ukawa mrefu na tambarare, na mwisho ukabanwa ukawa mteremko. Sweta hazikuchoka. Zilikuwa zikisubiri rimu ya lori igongwe kama sisi sote.

Nilianza kucheka. Sikuweza kujizuia. Nadharia yangu, kurasa mbili, na mchoro wa sweta yenye jasho! Mwenzangu naye akaanza, mpaka fundi wa saa akachungulia. Kisha kicheko kikakatika mara moja, kwa sababu nilikumbuka ni grafu gani iliyotupatia nafasi.

"Mnatia sahihi ama?" mama wa mashine akauliza. "Kuna watu nyuma yenu."

Nitasema ukweli: niliishika ile kalamu. Nilifikiri, mwalimu hajaona, majaji wataona nini? Wa kijani ni mzuri. Nafasi tunayo. Nikimwambia, atasema mchezo umerudi, na klabu ndiyo basi.

"Mtu akituuliza kwa nini zinachoka tutasema nini?" mwenzangu akauliza.

"Nitamchekesha."

Akanitazama tu. Yeye hajui kupaza sauti. Huwa anakutazama mpaka ujisikie umechorwa kwa nukta nene. Nikarudisha kalamu mezani nikatoka kwenye ngazi kumpigia mwalimu simu.

"Mwalimu, habari za Jumamosi."

"Nzuri. Mmechapisha?"

"Bado, mwalimu. Mwalimu, sweta hazijachoka."

Nyuma yake kuku walikuwa wakizozana.

"Rudia."

Nikarudia, nikaeleza muda, kidole, kengele, na ile karatasi kwenye dirisha. Nilieleza haraka bila kituo, na nilipomaliza nilikuwa nimeshuka ngazi zote bila kujua.

"Wewe unajua," akasema, "kwamba nimeshamweleza mwalimu mkuu? Nimewaeleza stafurumu nzima. Mwalimu wa kemia amenipa mkono."

"Pole, mwalimu."

"Ungeweza kunyamaza."

"Nilijaribu, mwalimu. Kama dakika mbili."

Kuku wakazozana tena. Kisha akasema kwa sauti ya darasani, "Fomu ya kuingia nilikuwa nimeiweka sahihi Ijumaa. Naifuta. Mwisho wa kuituma ni Jumatatu jioni. Leteni grafu ya ukweli. Halafu Jumatatu mtarudia jaribio la sweta, mbele yangu, kwa muda uliopangwa vizuri. Nukta mpya zikikaa kwenye mstari wenu, naandika sahihi upya. Zisipokaa, hakuna mtu anaenda. Na wewe unatoka klabu."

"Sawa, mwalimu. Lakini kupima kwa muda uliopangwa... kengele?"

"Kengele niachie mimi."

Tulipanda Loresho moja kwa moja. Sasa kuchagua programu kulikuwa kitu kingine kabisa, na wallahi kulinoga kuliko mara ya kwanza. Hatukutazama rangi. Tulizipa zote mtihani mmoja, namba tatu tu: sifuri, kumi, mia. Swali likawa, je, utaiweka mia mbali na kumi, ama utaipanga jirani? Tukaizunguka laptopu kama wazee wa baraza wakimhoji mchumba.

Ile ya mtandaoni yenye jina la kijivu ilianguka mtihani papo hapo, kwa rangi nzuri mno. Ya jiometri ilipita, ila bado ilikokota nukta. Ya majedwali, ninyi, ya majedwali ilipita! Ile picha ya vinukta vya upele niliyoiruka ndiyo iliyokuwa sahihi tangu mwanzo. Kosa halikuwa la programu. Lilikuwa la kinyozi, maana yake mimi.

"Basi tuitumie hiyo," akasema.

"Ngoja. Jumatatu tutaongeza nukta kila dakika ishirini, na mwalimu amesimama hapo. Jaribu uongeze moja."

Akaongeza. Programu ya majedwali ikajipangia skeli upya yenyewe, grafu nzima ikaruka. Akaongeza nyingine, ikaruka tena. Mtu wa penseli hawezi kuvumilia skeli inayohamahama. Nilimwona mdomo ukibana.

Ikabaki ile kali ya kuandika amri. Tukaiandikia pamoja, mimi nikitamka, yeye akichunga mikato: skeli ni hii, isibadilike, muda ni namba, joto ni hili, nukta ndogo, mstari wa kupoa upite katikati ya vipimo saba vya zamani. Ilitutukana mara sita. Mara ya saba ikanyamaza, na kwenye skrini ukatokea mstari mmoja mweusi mwembamba usio na kivuli, ukishuka vile vile kama wa penseli. Ukitaka nukta mpya unaongeza namba moja mwishoni mwa orodha, kila kitu kingine kinabaki mahali pake. Na mtu yeyote akitilia shaka anasoma ile barua juu hadi chini, aone tulichofanya na tulichokosea.

"Nyeupe tu?" Ba akauliza, akitazama juu ya bega langu. "Milima imeenda wapi?"

"Ilikuwa ya uongo, Ba."

"Basi kula."

Jumatatu asubuhi mwalimu alinipa karatasi yenye mhuri. Ilisema niruhusiwe kutoka na kuingia darasa lolote, kila baada ya dakika ishirini, siku nzima, bila kuulizwa. Naomba msomaji aisome hiyo sentensi mara mbili. Mimi! Nilitembea nayo kama pasipoti. Nilitoka katikati ya Kiswahili, nikatoka katikati ya hesabu, nilitoka katikati ya swali nililoulizwa mimi mwenyewe. Wenzangu walinitazama kama wafungwa wanavyomtazama ndege.

Maabarani palikuwa na kikapu kimoja cha sweta, laptopu, na mwenzangu kwenye kipimajoto. Yeye alipewa ruhusa ya kukaa hapo hapo, kwa sababu mwalimu hakuamini macho yangu kusoma nyuzi. Tulisubiri maji yashuke mpaka tisini na mbili kamili ndipo tukaanza kuhesabu. Mstari mweusi ulikuwa tayari kwenye skrini, mtupu, ukingoja. Dakika ya ishirini: themanini na tisa. Hiyo haikuthibitisha kitu, tuliipima zamani. Ya arobaini: themanini na sita na nusu. Nikaandika. Nukta ikatua juu ya mstari. Mwenzangu akashika ukingo wa meza.

"Ya sitini ndiyo yenyewe," nikamwambia mwalimu. "Kama sweta huchoka, bado itakuwa themanini na nane, bado zinashikilia. Mstari wetu unasema themanini na nne."

"Hesabu ya nani hiyo?"

"Yetu, mwalimu. Saa hii hatujapima hapo hata siku moja. Tulikuwa tumefungiwa."

Akaangalia saa yake. Alikuwa ameacha kidato cha pili peke yao na zoezi la mapigo ya mawimbi, na kelele zao zilivuka uwanja. Hakwenda. Dakika ya hamsini na tisa. Alikuwa ameshika fomu nyuma ya mgongo, imekunjika pale alipoibana.

"Soma," akasema.

Mwenzangu akainama mpaka jicho likalingana na zebaki, vile tulivyofundishwa. Alichukua muda wake. Huyo hata moto ukiwaka ataangalia kwanza kiwango.

"Themanini na nne," akasema. "Kasoro kidogo sana."

Niliandika haraka, nikasahau mkato, programu ikanitukana, mwalimu akasema "Mkato! Weka mkato!" kama mtu uwanjani, nikauweka, nikabonyeza. Nukta ikakaa. Si karibu na mstari. Juu yake.

Nilipiga mayowe. Mwalimu akasema tusipige mayowe maabarani, kisha akasema "Yes!" kwa sauti iliyozidi yangu, akaenda mlangoni akaita kidato cha pili wote waje. Wakaja wakikimbia, arobaini na kitu, wakajazana dirishani. Dakika ya themanini walikuwa bado hapo, na nukta ilipotua juu ya mstari walishangilia kama mpira umeingia, ingawa nusu yao hawakujua kipimwacho ni nini.

Rimu ya lori ikagongwa huko nje. Mapumziko. Hakuna aliyetoka.

"Mwalimu, si ulisema mpaka saa kumi?" mwenzangu akauliza, kwa sababu mwalimu alikuwa ameshaitandika fomu juu ya meza, kando ya kikapu, na kufungua kalamu.

"Mtapima mpaka saa kumi. Nukta zote nazitaka." Akaandika sahihi yake pole pole, juu ya ile aliyoifuta. "Lakini na mimi najua kusoma grafu. Sehemu hii ya jina la mradi, niandike nini?"

Midomo yangu ikafunguka. Nilikuwa na majina matatu tayari, yote ya kuchekesha, moja lilikuwa na mbuzi.

"Jinsi sweta na magazeti vinavyoshika joto," nikasema.

Akaandika hivyo hivyo. Kidato cha pili wakaanza kusukumana waone, na mwenzangu akaniambia nisogee, dakika ya mia moja ilikuwa imefika.